Kwa Nini Gia Alinyoosha Mkono

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani kwa kinyozi, upande ambao kivuli hufika mapema. Kahawa anauza Shangazi. Si shangazi wa yeyote kati yetu, ila ukithubutu kumwita dada anakupunja kikombe. Wanaokaa pale ni wale wale. Kuna Wembe, kinyozi mwenyewe, ambaye hukaa karibu na mlango ili mteja akitokea amwahi. Kuna Nakala, mwenye mashine ya kutoa kopi, anayesoma karatasi zinazopita mikononi mwake, ila kwa vile husoma zile zinazokwama tu, elimu yake ina mapengo. Kuna Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno ya moto na moyo wa moto vile vile. Na mimi, mchora mabango, wananiita Brashi. Wa tano ni Gia, na siku ile alikuwa bado hajafika. Afadhali, maana ndiye tuliyekuwa tunamsema.

Cheche: Niambieni amelogwa, nitakubali. Niambieni alikuwa na homa, nitakubali. Lakini Gia ninayemjua mimi, kunyoosha mkono ule? Hapana.

Wembe: Alinyoosha, bwana. Tena wa kulia. Sote tuliuona.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumapili mtaa ulikutana kuhusu mtaro wa maji machafu, ambao mvua ikinyesha hutuletea nyumbani mpaka viatu vya majirani. Kulikuwa na hoja mbili. Moja: mtaa mzima utoke kila Jumamosi, tuzibue pamoja kutoka juu mpaka chini. Ya pili: kila nyumba isafishe mbele yake, na asiyesafisha amjue Mungu wake. Hoja ya pili ilikuwa ya Cheche, na kwa miaka yote ilikuwa ya Gia pia. Hao wawili walikuwa kama pete na kidole. Gia aliendesha malori ya masafa tangu ana nywele, na msemo wake ulikuwa mmoja: "Barabara ni yako ukiwa peke yako. Akiongezeka mmoja, hiyo ni foleni." Serikali, kwake, ilikuwa kizuizi cha barabarani kilichovaa sare. Basi Jumapili, akiwa amekaa bega kwa bega na Cheche, Gia akanyoosha mkono kwa hoja ya kwanza. Ikapita. Kwa mkono mmoja. Wake.

Cheche hakumsemesha tangu siku hiyo.

Nakala: Mimi naona jibu ni rahisi. Amebadilisha kazi. Mgongo ulipomsaliti akashushwa kwenye lori, sasa anasukuma machela kule hospitali kubwa. Kazi ikibadilika, na siasa inabadilika. Utafiti unasema.

Cheche: Utafiti gani?

Nakala: Ulikwama kwenye mashine mwezi uliopita. Ukurasa wa arobaini na moja. Unasema walimu na manesi huelekea upande wa kugawana, wafanyabiashara upande wa kila mtu na lake, wanajeshi upande wa amri na utaratibu, na wasanii upande wa kupindua meza.

Wembe: Kwa sababu gani?

Nakala: Hiyo iko ukurasa wa arobaini na mbili. Haukukwama.

Shangazi akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani. Lakini swali lilikuwa limeshashuka benchini, na swali likikaa kwetu halinyanyuki hivi hivi.

Wembe: Mimi sababu naijua. Ni miguu. Anayefanya kazi amesimama anataka dunia ibadilike, maana inamuuma. Anayefanya kazi amekaa anataka ibaki hivyo hivyo. Angalia nesi, anasimama. Mwalimu, anasimama. Meneja wa benki, amekaa. Hakimu, amekaa.

Mimi: Na dereva wa lori? Si amekaa? Mbona Gia alikuwa anataka kubomoa kila kizuizi?

Wembe: Kiti cha lori kinatikisika, Brashi. Hicho hakihesabiki.

Mimi: Na wewe kinyozi, unasimama mchana kutwa. Msimamo wako ni upi?

Wembe: Kinyozi hana msimamo. Nimeshika wembe, mwenzangu kanipa shingo. Hapo mtu akisema ubepari nasema naam, akisema ukomunisti nasema naam. Nikibisha ataruka, akiruka namkata. Wahenga walisema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Nakala: Hiyo inaingiaje?

Wembe: Imeshaingia. Endelea.

Cheche: Mnazunguka mbuyu. Kazi ni kazi, akili ni akili. Mimi nikivaa miwani ile nyeusi, nikiwasha moto, namwambia kila mtu akae mbali nami. Si roho mbaya, ni usalama. Kila mtu akae na macho yake. Hayo ndiyo nayaamini kwenye mtaro, na ndiyo nayaamini kwenye nchi.

Nakala: Aa! Sikia unavyosema! Umejibu mwenyewe. Miwani ndiyo imekufundisha.

Cheche: Miwani haina mdomo.

Nakala: Haina, lakini inakaa karibu na ubongo.

Hapo pakachangamka. Kila mmoja akaja na fani yake. Mimi nikasema fundi wa sare za shule na fundi wa suti hawawezi kupiga kura moja hata siku moja. Wa kwanza anakata vitambaa mia kwa kipimo kimoja, anaamini watu ni sawa na asiyeenea atakua. Wa pili anampima kila mtu makwapa yake, anaamini hakuna wawili wanaofanana. Wembe akasema mpishi wa jikoni kubwa ni mjamaa kabisa, anagawa kijiko kwa kijiko, ila ni mjamaa anayeonja kwanza. Nakala akapanda juu zaidi.

Nakala: Daktari wa meno usimpe nchi. Nawaambia. Kazi yake ni kukuuliza maswali wakati umepanua mdomo na vyuma vimo ndani. "Unaonaje hali?" Unasema "aaa." Anasema vizuri, tumekubaliana. Miaka thelathini ya hivyo, mtu atabaki na demokrasia kweli?

Shangazi: Na anayeuza kahawa?

Nakala: Wewe, Shangazi, ni ufalme.

Shangazi: Basi lete hicho kikombe, raia.

Mimi wakaniuliza. Nikasema ukweli: mimi huchora mabango ya vyama vyote, asubuhi hiki, jioni kile, na msimamo wangu hukauka saa ile rangi inapokauka. Wakacheka, nami nikacheka, lakini lile jibu lilinibaki. Sikuwahi kujiuliza kama ni mzaha.

Ndipo Gia akatokea. Anatembea kwa kuegemea upande, mgongo ule ule. Bado alikuwa na shati la kazi, lile la kijani lenye mfuko mmoja kifuani. Akasalimu, tukaitika, Cheche akaangalia kikombe chake. Gia akakaa mwisho wa ubao, mbali naye.

Wembe: Gia, kaka yangu, hatufichi. Tulikuwa tunakuchambua.

Gia: Najua. Mmenyamaza kwa pamoja kama darasa.

Wembe: Basi tusaidie. Nini kilikupata Jumapili?

Gia akachukua kahawa, akaipuliza, hakuinywa.

Gia: Kwenye lori, mtu mwingine yeyote ni kizuizi. Mwenye gari dogo ni kizuizi. Mwenye mbuzi ni kizuizi. Askari ndiye babu wa vizuizi. Miaka yote ile nilikuwa naomba kitu kimoja, barabara iwe tupu. Sasa kule hospitali, korido ikiwa tupu ndipo naogopa. Lifti ikikata roho na nina mgonjwa mkononi, nitamwita nani? Naangalia huku, hakuna mtu. Naangalia kule, hakuna mtu. Basi Jumapili mwenyekiti aliposema wanaotaka pamoja wanyooshe, mkono ukanyooka. Sikuutuma.

Cheche akamsemesha kwa mara ya kwanza, bado macho kikombeni.

Cheche: Haukutumwa. Unasikia mwenyewe? Basi wewe ni redio. Anayekushika ndiye anayechagua stesheni. Leo machela, jana lori. Kesho ukiajiriwa gerezani utatupigia kura ya kufungwa.

Nilidhani Gia atakasirika. Wembe naye alidhani hivyo, maana alisogeza vikombe. Lakini Gia alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokwisha kuliwaza.

Gia: Hilo ndilo linalonisumbua, Cheche. Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu: yale maneno niliyokuwa nayasema kijiweni miaka yote, nikipiga meza, nikigombana na watu, nikamnunia hata shemeji yangu kwa ajili yake, yalikuwa yangu au ya lori?

Wembe: Akasemaje?

Gia: Akasema nile, chakula kinapoa.

Nakala: Na haya ya sasa? Ni yako?

Gia: Haya ndiyo nayaogopa zaidi. Labda ni ya machela.

Nilimwona mtu mzima, mwenye wajukuu, anatafuta ni kipi ndani yake ambacho hakikuwekwa na mwajiri. Hata Cheche alikohoa.

Cheche: Mimi hakuna kazi itakayonigeuza.

Gia: Umejaribu ngapi?

Cheche: Moja. Ndiyo niliyoikuta kwa baba mdogo.

Gia: Basi njoo Jumatatu. Wodi ya wanaume ina vitanda vimevunjika miguu, msimamizi anatafuta fundi. Chukua mashine yako, tukae kutwa nzima, uone.

Nakala: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mimi: Vitanda, Nakala. Vitanda ndivyo vimevunjika.

Nakala: Hata kitanda kina mkuu wake.

Cheche: Nitakuja. Lakini nakuja kuchomelea. Siji kubatizwa.

Jumatatu ikapita, Cheche hakuonekana benchini. Jumanne vile vile. Wembe aliapa kwamba atarudi amegeuka, atataka hata machanuo ya kinyozi yawe mali ya umma. Nakala alisema hapana, chuma hakigeuki, chuma hupinda. Mimi nilikuwa na hamu ya jibu kuliko wote. Nilikuwa nachora bango la mtu wa chama fulani, na kila herufi nilijiuliza: hivi ningekuwa mvuvi, au mwashi, au rubani, ningeliamini neno hili?

Jumatano mchana tukasikia sauti zao kabla hatujawaona. Wanakuja pamoja, wanabishana kutoka kona ya pili. Ule ugomvi wa kununiana ulikuwa umekwisha, umeanza ule wa kusemeshana, ambao ni afadhali.

Wembe: Shangazi, mimina! Ripoti imefika!

Cheche hakungoja hata kukaa.

Cheche: Sikilizeni, muamue. Jana nachomelea kitanda, huyu anakuja anakimbia, jasho linamtoka. Lifti imekufa. Kuna mzee amevunjika paja, anatakiwa chumba cha upasuaji, ghorofa ya juu kabisa. Mzee mwenyewe mnene, si wa mchezo. Anaita watu. Mimi natupa miwani, naenda. Anakuja mpishi wa hospitali na aproni yake. Anakuja bwana mmoja aliyekuja kumwona mke wake, ana mfuko wa machungwa, anauweka chini. Watu wanne, pembe nne. Tukanyanyua.

Gia: Sema sasa. Sema.

Cheche: Nasema! Kila mtu alishika pembe yake. Mpishi hakuja kunisaidia ya kwangu. Mimi sikwenda kumsaidia ya kwake. Kila mtu na pembe yake, kila mtu na mabega yake, na kwa sababu kila mmoja aliitunza yake, mzee akafika juu salama. Sasa hiyo si hoja yangu? Si ndiyo niliyoisema kwenye mtaro tangu mwanzo? Kila nyumba mbele yake!

Gia: Mnamsikia? Nilikaa pale ngazini nikadhani mwenzangu ameona. Wewe, ungeachia pembe yako, hizo tatu zingefika wapi?

Cheche: Ndiyo maana sikuiachia!

Gia: Kwa ajili ya nani?

Cheche: Kwa ajili ya pembe yangu! Hapakuwa na kikao, Gia. Hapakuwa na mwenyekiti, hakuna aliyenyoosha mkono. Yule bwana wa machungwa nani alimlazimisha? Alikuja kwa hiari yake na akaenda zake. Watu huru!

Gia: Watu huru ambao walihesabu moja, mbili, tatu kwa sauti moja! Umesahau? Ulihesabu na wewe!

Nakala alikuwa amefunga macho, mikono kichwani.

Nakala: Jamani. Nadharia yangu imekufa. Machela ni moja, siku ni moja, ngazi ni zile zile. Mmoja kashuka na ujima, mwingine kashuka na soko huria.

Wembe: Na ya miguu imekufa pia. Wote walikuwa wamesimama.

Mimi: Basi kama si kazi, ni nini? Mtu anazaliwa nayo?

Wembe: Labda mtu ana macho yake kabla ya kazi, halafu anatafuta kazi ya kuyatumia.

Gia: Nami je? Macho yangu yalikuwa lori, yakawa machela.

Cheche: Wewe macho yako yalikuwa mgongoni. Ulipouma ndipo ukaona.

Gia akamtazama. Nilidhani ni tusi, lakini aliliweka mahali, akalifikiri.

Gia: Huenda. Huenda kweli. Nilipokuwa mzima sikuwahi kubebwa.

Kulikuwa na mama mmoja amesimama pembeni ya meza ya Shangazi. Amehamia nyumba ya pili kutoka kwa fundi viatu, hata wiki haijaisha, nasi tulikuwa hatujui ni mama nani wala anafanya kazi gani. Alikuja na chupa yake ajaziwe kahawa. Shangazi alikuwa anaimimina polepole, kwa sababu na yeye alikuwa anasikiliza. Yule mama akafunga kifuniko, akageuka kwetu.

Mama mgeni: Samahani, kaka zangu. Nimesikia, sikudukiza, mnapiga kelele. Huyo mzee mliyembeba, yeye alisema nini?

Gia: Wakati gani, mama?

Mama mgeni: Mlipokuwa mnapanda naye.

Gia akafungua mdomo kujibu, kisha akamgeukia Cheche.

Gia: Wewe ulikuwa unamtazama usoni. Mimi nilikuwa kichwani kwake, napanda kinyumenyume, macho yangu kwenye ngazi.

Cheche: Nimtazame wapi? Mguu wake ulikuwa umefungwa mbao na kuinuliwa kwa mito, umeniziba. Mimi nilikuwa naona unyayo tu.

Mama mgeni: Basi hakusema kitu.

Kisha Cheche, taratibu, sauti si ile yake:

Cheche: Alisema. Pale kwenye kona ya ngazi, tulipopumzika. Nilisikia sauti. Nilidhani anaugulia.

Gia: Hata mimi niliisikia. Hakuwa anaugulia. Yalikuwa maneno.

Cheche: Alisema nini?

Gia: Sijui. Nilimwambia, tulia mzee, tunafika.

Cheche: Sasa si ungemsikiliza kwanza?

Gia: Na wewe je? Ulikuwa unasema nini wakati ule?

Cheche akajikuna shingo.

Cheche: Nilikuwa namwambia mpishi ashike vizuri pembe yake.

Yule mama alishukuru, akaikumbatia chupa yake, akaenda zake na njia ya fundi viatu. Wembe alitaka kumwuliza anafanya kazi gani. Nilimwona akifungua mdomo, kisha akaufunga. Nakala alikuwa anatafuta methali, midomo ikitembea, hakuipata.

Cheche aliweka kikombe chini. Kilikuwa bado kinatoa moshi.

Cheche: Wamemlaza wapi baada ya upasuaji?

Gia: Wodi ya mwisho. Ukipanda, kushoto.

Cheche: Saa hizi wanaruhusu kuona wagonjwa?

Gia: Nikiwa na shati hili wananiruhusu. Wewe nitasema ndugu yake.

Cheche: Sema ndugu.

Wakaondoka. Cheche alitangulia kama kawaida yake, hatua ndefu, kisha akakumbuka mgongo wa mwenzake akapunguza. Walipofika pa kuvuka barabara walisimama wakingoja magari, na kwa kuwa upepo ulikuwa unatujia sisi, tuliwasikia.

— Na tukimkuta amelala?

— Tutakaa mpaka aamke.